Vigari vya umeme: tatizo si betri, ni sheria na LUKU

Makamanda, kila nikitaja vile vigari vidogo vya umeme vya watu wawili, kuna mtu atanijibu kwamba hayo ni matoi ya Wazungu. Sikubaliani naye, ila nina masharti yangu.

Tuanze na chombo chenyewe. Chukua Citroën Ami, iliyoingia sokoni Ufaransa mwaka 2020. Urefu mita 2.41, siti mbili, betri ya uniti 5.5, spidi ya mwisho kilomita 45 kwa saa, na ikijaa inatembea kama kilomita 75. Inachajiwa kwenye soketi ya kawaida ya nyumbani, saa tatu hivi imejaa. Kule kijana wa miaka 14 mwenye leseni ndogo anaruhusiwa kuiendesha. Na hayo "matoi ya Wazungu" yanaundwa Kenitra, Morocco. Afrika hii hii.

Sasa niambie, nani kati yetu anazunguka kilomita 75 kwa siku ndani ya Dar? Sinza hadi Kariakoo, kwenda na kurudi, chaji inabaki. Spidi je? Maeneo ya makazi kibao kinasema 50, na kwenye foleni ya Mwenge saa kumi na moja jioni hata hiyo 45 hakuna anayeifikia. Umeme wa elfu moja unakupa kama uniti 2.8, kwa hiyo kukijaza ni kama elfu mbili. Hela hiyo hainunui hata lita moja ya petroli.

Kimara kwenda Kibaha, katikati ya malori na mabasi ya mikoani, sikushauri hata kidogo. Ami haina hata mfuko wa hewa wa kukukinga ukigongwa. Na Jangwani wakati wa masika, tusidanganyane. Hiki ni chombo cha mtaani: chuo, kazini, sokoni, kumpeleka mtoto shule.

Bei ndiyo inauma. Ilipotoka iliuzwa chini kidogo ya euro 7,000. Kwa shilingi unavuka milioni 18, na bado hujalipa meli wala VAT ya asilimia 18. Kwa hela hiyo kijana anakaribia IST iliyotumika ambayo inabeba watu watano, na simlaumu. Bei itashuka siku mtu akianza kuviunganisha hapa nchini. Lakini nani ataweka mtaji kwenye chombo kabla hajajua sheria inakichukuliaje?

Hapo ndipo ninapokasirika kidogo. Sheria yetu ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Inajua gari, inajua pikipiki, inajua trekta. Mwaka 2010 zikaja kanuni za leseni za usafirishaji kwa pikipiki na bajaji. Kigari chepesi cha umeme cha magurudumu manne, mimi sijaona kundi lake mahsusi. Ulaya wana Kanuni namba 168 ya 2013 (namba zimegongana tu), inayosema wazi: kundi jepesi kabisa lisizidi kilo 425 bila betri, na spidi isizidi 45. Ukishakuwa na kundi, unajua leseni gani, bima gani, barabara gani marufuku. Bila kundi, kila trafiki anakuwa bunge lake mwenyewe pale barabarani, na wote tunajua mjadala wa bunge lile unavyoishaga.

Halafu kuna LUKU. Mteja mdogo wa majumbani, asiyezidi uniti 75 kwa mwezi, amewekewa bei nafuu ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi. Piga hesabu: kuchaji kamili mara 14 ni uniti 77. Hapo hujawasha taa wala pasi. Kwa hiyo yule aliyehitaji unafuu zaidi, akinunua kigari anaupoteza. Na wengi wetu tumepanga chumba, mita moja milango sita, tunachangishana. Jaribu kupitisha waya dirishani usiku kucha uone baba mwenye nyumba atakuambia nini asubuhi. Wanaopanga bajeti wanapanda V8 na mafuta wanajaziwa; ugomvi wa mita ya pamoja hawaujui. Tumeambiwa Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115. Sawa, umeme upo. Mpangaji anaufikiaje?

Pendekezo langu kwa sera ya vijana ni hili: kundi la vyombo vyepesi vya umeme liingizwe kwenye Sura ya 168, barabara za kasi wazuiwe, na uniti za kuchajia zihesabiwe kwenye mita yake ndogo ili mpangaji asipoteze bei yake ya nyumbani. Kabla sijaliandika vizuri, nahitaji kitu kimoja kutoka kwenu. Kamanda uliyepanga: mita yenu mnaigawanaje, na mmeandikishana popote au ni maneno ya mdomo tu?