Nyumba na Dini: Mwezi Mmoja Bila ya Nyama

Kijana mmoja, msomaji wetu, ametuletea barua ndefu yenye adabu. Asema aliazimia kukaa mwezi mmoja pasi na kula nyama, wala kuku, wala samaki, apate kuizoeza nafsi yake na kuona mwili wake utakuwaje. Siku ya tatu babake alimwambia mbele ya nduguze kwamba ameharimisha alichokihalalisha Mwenyezi Mungu. Mamake, aliyekuwa amepika samaki wa kupaka tangu asubuhi, aliinuka jamvini asile. Tangu siku hiyo nyumba imenyamaza. Atuuliza: "Je, nimefanya dhambi?"

Kwanza twasema kuwa hofu ya baba si hofu ya bure. Aya ya 87 ya Suratul-Maida yawakataza waumini kujiharimishia vitu vizuri walivyohalalishiwa. Na katika Sahihi ya Imam Muslim imepokewa kwa Anas bin Malik (R.A.) khabari ya Masahaba waliotaka kuizidisha ibada yao: mmoja alisema hataoa, mwengine kwamba hatakula nyama, na mwengine kwamba hatalala kitandani. Bwana Mtume (S.A.W.) alipoarifiwa aliyakataa maneno yao hadharani, akabainisha kwamba yeye husali na hulala, hufunga na hufungua, na huoa wanawake, na kuwa mwenye kuuacha mwendo wake si katika watu wake. Nyama yatajwa humo waziwazi. Basi baba aliyeisoma khabari hii, kisha akamwona mwanawe asukuma sahani, asilaumiwe kwa kushituka.

Lakini kuacha si kuharimisha, na hapa ndipo baba alipofanya haraka. Siku moja, nyumbani kwa Bibi Maymuna (R.A.), Bwana Mtume aliandaliwa nyama ya dhabb, naye ni mnyama wa jangwani aliye jamii ya mijusi wakubwa. Alipoambiwa ni nyama gani aliuondoa mkono wake. Khalid bin al-Walid (R.A.) akauliza kama ni haramu, akajibiwa kwamba si haramu, ila hakuwako katika nchi ya kwao Mtume, na nafsi yake haimpendi. Basi Khalid aliivuta sahani kwake akala, na Mtume yuatazama. Watu wawili juu ya chakula kimoja, huyu yuala na huyu haili, na hapana aliyemkasirikia mwenziwe.

Kwa hivyo, mwanangu, itazame nia yako. Ukiwa waiacha nyama kwa siku kadhaa kwa ajili ya afya, au kwa kuushinda ulafi, na moyoni wako wakiri kuwa ni halali na ni neema, huna dhambi. Ukiwa waona kwamba kuchinja kwenyewe ni dhuluma, hapo umeingia mlango mwengine. Mshairi kipofu wa Sham, Abul-Alaa al-Maarri, aliyeishi baina ya mwaka 973 na 1057, aliiacha nyama kwa zaidi ya miaka 40 kwa kuwaonea huruma wanyama. Mkuu wa daawa ya Kifatimi alimwandikia barua za kumhoji, na miongoni mwa nyudhuru alizozitoa mshairi ni ufakiri wake. Huruma ni jambo jema, na Mtume ameamrisha kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Ila huruma isiyokubali hukumu ya Aliyemuumba mnyama yataka kutazamwa tena.

Wala usiape. Mwenye kusema "Wallahi sitakula nyama", kisha akala, imemlazimu kafara ya kiapo: kuwalisha au kuwavika masikini kumi, na asipoweza, afunge siku tatu. Azimio la moyoni latosha.

Sasa na tuseme neno kwa baba pia, maana katika nyumba zetu mtu akikosa kitoweo siku mbili hujiona ameonewa. Imam Malik amepokea katika Muwatta kwamba Sayyidna Umar (R.A.) aliwahadharisha watu na nyama, kwa kuwa ina uraibu kama ulivyo uraibu wa ulevi. Na alipomkuta Jabir bin Abdillahi amebeba nyama aliyoinunua kwa dirhamu moja, kwa sababu tu ya kuitamani, alimuuliza kama hawezi mtu kulikaza tumbo lake kwa ajili ya jirani yake au binamu yake. Bibi Aisha (R.A.) alisimulia kwamba ilikuwa ikiandama miezi mitatu katika siku sitini na nyumba za Mtume hazijawashwa moto, chakula chao kilikuwa tende na maji, na maziwa waliyoletewa na majirani wa Kiansari. Tena Anas asema alimwona Mtume, katika karamu ya mshonaji mmoja, akiyatafuta maboga pembezoni mwa sahani, na ndani yake mna nyama iliyokaushwa. Tangu siku hiyo Anas akapenda maboga. Sijui ni wangapi kati yetu tungeliacha nyama tukatafuta boga!

Kuhusu muda, Imam al-Ghazali katika Ihyaa amenakili neno lililonasibishwa kwa Sayyidna Ali (R.A.), kwamba mwenye kuacha nyama siku arubaini tabia yake huharibika, na mwenye kuiandama siku arubaini moyo wake huwa mgumu. Mwezi mmoja u ndani ya mpaka huo.

Upande wa mwili, mwezi haumdhuru kijana mzima. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani lilizitia nyama zilizosindikwa, kama soseji, katika vitu visababishavyo saratani ya utumbo mpana, na nyama nyekundu katika vile vinavyodhaniwa kuwa hivyo. Lakini mtu asile wali na mchuzi mtupu akadai anajali afya yake. Ale kunde, choroko, mbaazi, dengu, maharage, na mboga kama mchicha na kisamvu. Madini ya chuma yaliyomo humo hayachukuliwi na mwili kwa wepesi kama yale ya nyama. Hivyo akamulie ndimu au ale embe bichi pamoja nayo, na chai aiache mpaka baada ya muda, kwani chai huyazuia. Mayai na maziwa asiyaache, kwa kuwa ndimo imo vitamini B12, isiyopatikana katika mimea. Mwenye mimba, anyonyeshaye, na mwenye upungufu wa damu wasijaribu bila ya shauri la daktari.

Limebaki la mama, nalo ndilo zito zaidi. Maulamaa wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kwamba aliyefunga saumu ya sunna, akaalikwa chakula, na mwenyeji wake akaona uzito kwa yeye kutokula, bora kwake ni kufungua. Ikiwa saumu yenyewe, ambayo ni ibada, yafunguliwa kwa ajili ya moyo wa mwenyeji, itakuwaje azimio lako ambalo si faradhi wala sunna? Na mwenyeji huyu ni mamako! Siku ile ilikupasa ule japo tonge mbili za samaki wake, kisha usiku ukamweleze taratibu. Tena usimtwike kupika vyungu viwili. Ingia jikoni, uchambue choroko na ukune nazi wewe mwenyewe.

Ikiwa mwezi wako utakutana na Idi ya kuchinja, siku hiyo ule. Katika Hija ya kuaga Bwana Mtume alichinja ngamia 63 kwa mkono wake, akaamrisha kipande cha kila ngamia kitiwe chunguni, akala nyama yake na akanywa mchuzi wake. Na zile fedha za nyama usizozila mwezi huu, muulize babako ni jirani gani apelekewe.