Muungano wa vyama haupunguzi ushuru

Mfanyabiashara wa Kilombero mjini Arusha, au wa Tengeru upande wa Meru, anapoona vyama vinaungana kabla ya uchaguzi, aulize kwanza: ushuru umo katika makubaliano?

Oktoba 2014 CHADEMA, CUF, NCCR-Mageuzi na NLD, kwa jina la UKAWA, vilikubaliana kusimamisha mgombea mmoja, kuanzia uchaguzi wa serikali za mitaa wa Desemba mwaka huo. Kilichoviunganisha kilikuwa Katiba na mgawanyo wa viti, si meza ya sokoni. Mwaka 2015 CHADEMA ikatwaa Halmashauri ya Jiji la Arusha. Lakini ushuru wa mazao ulipunguzwa bungeni Dodoma mwaka 2017, chini ya Serikali ya CCM: kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara, na 2 kwa ya chakula.

Hata hivyo, kura ya mtaani si bure. Sheria ndogo za ada za soko hupitishwa na madiwani. Barua ya utambulisho ya kuombea mkopo hutoka serikali ya mtaa. Mwenye mtaji mdogo asinunue jina la muungano. Adai kiwango cha ada kwa maandishi, kabla ya kupiga kura.