Kiplombe Wasijenge Kuta tu, Wajenge na Maabara

Habari za Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi kupangiwa makao mapya Kiplombe, pembeni mwa Eldoret, zimetufurahisha hata sisi wa Pwani. Lakini nina langu la kusema.

Mke wa kakangu anaishi huko Kiplombe. Mwaka jana alitokwa na uvimbe shingoni. Kila aliyemwona alisema ni rovu, ugonjwa uliozoeleka bara kabla chumvi, ikiwemo hii yetu ya Gongoni, kutiwa iodini kwa sheria. Alipochomwa sindano ya kutoa chembe ikabainika ni saratani, na hospitali moja ikamwandikia upasuaji wa tezi. Hakuna aliyemuuliza kuhusu figo aliyotolewa miaka tisa nyuma kwa saratani. Alitaja mwenyewe, tena kwa bahati.

Hapo ndipo swali lilipogeuka. Je, saratani hii imeanzia kwenye tezi au imesafiri? Tezi ya shingo hupitiwa na damu nyingi, na saratani ya figo, mapafu, matiti au utumbo mpana yaweza kuhamia hapo. Ya figo huweza kuibuka hata baada ya miaka kumi.

Kwa macho ya hadubini zaweza kufanana. Ndiyo maana sampuli hutiwa kemikali za kutafuta protini maalum. Ikionekana thairoglobulini, dalili kubwa ni kuwa saratani ni ya tezi yenyewe. Isipoonekana, maneno hayajaisha, kwani aina moja ya saratani ya tezi hujulikana kwa kalsitonini. Na TTF-1 peke yake haitoshi, maana saratani ya mapafu nayo huwa nayo mara nyingi.

Tofauti hiyo ndiyo huamua dawa. Iodini ya mionzi husaidia saratani nyingi za tezi. Iliyotoka kwenye figo haiisikii.

Sampuli ya shemeji ilipelekwa Nairobi, tukangoja wiki tano. Jibu likawa ni figo, na matibabu yakabadilishwa.

Kwa hivyo wanaopanga Kiplombe wasituhesabie vitanda pekee. Watuambie madaktari wa patholojia watakuwa wangapi, na kama SHA italipia vipimo hivi. Nasi tuzitunze faili zetu na tuseme maradhi yetu ya zamani bila kuulizwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Allah awaponye wagonjwa wetu.