Meza ya Lisbon ni nafuu kwa nani?

Kuna neno limenikwama kooni tangu nirudi kutoka Lisbon: nafuu. Ukiingia mitandaoni utawakuta vijana wa Ulaya na Marekani wanaambiana kuwa Lisbon ni nafuu, jua lipo, intaneti inakimbia na mvinyo wake hauumizi mfuko. Na hapa Dar es Salaam nako, juzi tu, mwenzangu mmoja wa chumba cha habari alinionyesha tangazo la mambo hayo hayo kwenye simu yake. Akasema, "Kaka, haya ndiyo maisha. Unakaa Ulaya na kompyuta yako, unafanya kazi ya watu wa mbali, jioni uko ufukweni. Sio sisi tunaokimbizana na misafara ya mawaziri." Nikamwambia nitamjibu kwa maandishi. Hili ndilo jibu lenyewe, naomba asinune.

Nilikwenda Lisbon Novemba 2025 kwa mafunzo mafupi ya waandishi, wiki mbili. Ili niende nililipa ada ya viza euro 90, nikapeleka taarifa za benki, barua ya mwajiri, tiketi ya kurudi na uthibitisho wa mahali pa kulala. Mwenye pasipoti kama yangu huzoea kuapa kila mara kwamba atarudi kwao. Siku ya nne nilikuwa na habari ya kumtumia mhariri, intaneti ya hosteli ikagoma. Mwenyeji mmoja wa mafunzo akanielekeza kwenye ofisi ya pamoja, mitaa miwili kutoka pale. Nikalipa euro 20 nikapewa meza ya siku nzima.

Kwa ambaye hajawahi kuingia: ofisi ya pamoja ni jengo ambamo mtu hakodi chumba, anakodi kiti. Unalipa kwa siku, wiki au mwezi, unapata meza, umeme, kahawa, intaneti isiyokatika na kibanda kidogo cha kupigia simu. Zaidi ya hapo unauziwa kitu wanachokiita "jumuiya". Hizi ofisi zipo Dar, zipo Nairobi, na sina ugomvi nazo kama ofisi. Kazi yangu nilimaliza vizuri, habari ikatoka kesho yake ukurasa wa tano. (Mhariri aliikata nusu, lakini hilo si kosa la Wareno.)

Nilichokiona mle ndani ndicho kilichonifanya niandike. Zilikuwepo meza kama arobaini, na karibu kila meza ina mtu amevaa visikizi masikioni. Mmoja anauza programu kwa wateja wa California, mwingine anahariri video za kampuni ya Berlin, mwingine yuko kwenye mkutano na bosi wake wa London. Hawa ndio wanaoitwa wahamaji wa kidijitali, watu ambao mshahara wao unatoka nchi moja na kodi ya nyumba wanailipa nchi nyingine iliyo rahisi zaidi. Siku nzima nilisikia Kireno kutoka kwa watu watatu tu: dada wa mapokezi, mama wa usafi, na kijana aliyeleta chakula kwa baiskeli. Na huyo wa tatu hakuwa Mreno, alikuwa Mnepali.

Nilipiga soga na dada wa mapokezi. Ana shahada ya usanifu majengo. Kazi yake ni kuwapokea wageni, kuwapa kadi ya mlango na kuwaeleza wapi kuna chakula kizuri mtaani. Yeye mwenyewe analala kwa wazazi wake Almada, ng'ambo ya mto, na kila jioni anakimbilia boti. Mtaa anaoutembezea wageni hawezi kupanga hata chumba. Nikadhani ni bahati mbaya yake, kumbe ndiyo hali ya rika lake. Takwimu za Eurostat za mwaka 2022 zilionyesha kijana wa Ureno anaondoka kwa wazazi akiwa na umri wa karibu miaka 30 kwa wastani. Na kwa wengi wao si mapenzi ya supu ya mama, ni kodi ya nyumba.

Sasa turudi kwenye neno letu. Unafuu wa Lisbon ulitoka wapi? Haukushuka na mvua. Mwaka 2011 Ureno ilikwama kwa madeni ikakopeshwa euro bilioni 78 na Umoja wa Ulaya pamoja na IMF. Sisi tuliokulia kwenye simulizi za marekebisho ya uchumi tunajua mkopo wa namna hiyo unakuja na nini. Mishahara ikabanwa, ajira zikapotea, vijana wakafungasha. Wengine walikwenda Angola na Msumbiji, ndiyo, Mreno akahamia Luanda na Maputo kutafuta kazi. Mwaka 2012 sheria ya upangaji ikalegezwa na wapangaji wa zamani wakaondolewa kinga yao. Mwaka huo huo ikaja viza ya dhahabu: nunua nyumba ya euro 500,000, upate ukaazi. Mlango huo wa kununua nyumba ulikuja kufungwa Oktoba 2023, na nyumba zilikuwa zimeshanunuliwa.

Mji uliokuwa na majengo matupu ukawa malighafi. Kule Alcântara, chini ya daraja la 25 de Abril, kuna kiwanda cha nguo kilichoanza mwaka 1846. Tangu 2008 kinaitwa LX Factory, na ndani yake zikaingia studio, migahawa na ofisi za kukodi meza. Soko la Mercado da Ribeira lilifunguliwa mwaka 1882 kwa ajili ya mboga na samaki. Mwaka 2016 ghorofa yake ya juu ikawa ofisi ya pamoja iliyojaa mimea kama bustani. Sisemi kiwanda kilichokufa kiachiwe popo. Ninachosema ni kwamba mgeni anaposifia unafuu anasifia mshahara mdogo wa mwenyeji wake bila kujua. Kahawa ni rahisi kwa sababu anayeitengeneza analipwa kidogo.

Kisha serikali ikaja kuuandika unafuu huo kwenye sheria. Tangu mwisho wa Oktoba 2022 Ureno inatoa viza maalumu kwa wafanyakazi wa mtandaoni wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya. Sharti lake kubwa ni kipato: uwe unaingiza angalau mara nne ya kima cha chini cha mshahara wa Ureno. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa euro 870 kwa mwezi, kwa hiyo mwombaji alitakiwa kuonyesha euro 3,480. Hebu isome tena taratibu. Nchi imeweka mlangoni kipimo ambacho raia wake wengi hawawezi kukifikia. Yule dada wa mapokezi, mzaliwa wa hapo, msomi, angekuwa mgeni asingepewa viza ya kuishi kwao!

Na kodi je? Kuanzia 2009 kulikuwa na utaratibu uliomruhusu mgeni mwenye kazi fulani za kitaalamu kulipa asilimia 20 tu ya kodi ya mapato kwa miaka 10, wakati Mreno anapandishwa ngazi hadi asilimia 48. Oktoba 2023 waziri mkuu wa wakati huo, António Costa, alitangaza kuufunga kwa waombaji wapya, akikiri kwamba kuuendeleza ni kuendeleza dhuluma ya kikodi na kuzidi kuvuruga soko la nyumba. Miaka 14 kuligundua hilo.

Najua watakaonijia juu. Watasema wahamaji hawa ni wachache ukiwalinganisha na watalii, kwamba kilichokausha nyumba ni zile zilizogeuzwa za kulaza wageni wa siku tatu, na kwamba serikali yenyewe haikujenga. Ni kweli, na sitaki kudanganya. Nyumba za umma nchini Ureno ni karibu asilimia 2 tu ya nyumba zote, na hilo halikufanywa na kijana wa California mwenye visikizi. Maelfu walioandamana Lisbon na miji mingine tarehe 1 Aprili 2023 kudai nyumba walikuwa na orodha ndefu ya washtakiwa. Kumtupia mhamaji lawama yote ni uvivu. Lakini mtu mwenye euro 3,480 akishindania chumba kimoja na mtu mwenye 870, hatuhitaji profesa atuambie nani atapewa ufunguo.

Linaloniuma zaidi ni jingine. Kiswahili chetu kina mhamaji na kina mhamiaji, tofauti yake herufi moja. Lisbon herufi hiyo ina thamani ya maisha ya mtu. Kwa miaka mingi mgeni aliyeingia Ureno na kupata kazi, iwe ya shambani, jikoni au ya kubeba zege, aliweza kuomba ukaazi akiwa humo humo nchini, alimradi anachangia mfuko wa hifadhi ya jamii. Mwanzoni mwa Juni 2024 mlango huo ulifungwa. Wakati huo maombi yaliyokuwa yamekwama kwenye mamlaka ya uhamiaji, AIMA, yalikadiriwa kufika 400,000. Mlango wa euro 3,480 haukuguswa.

Tarehe 19 Desemba 2024 polisi waliifunga Rua do Benformoso, mtaa wa maduka ya Wabangladesh na Wanepali katikati ya Lisbon, wakawapanga watu ukutani, mikono juu, wakapekuliwa. Picha zake zilizunguka dunia nzima. Januari 2025 maelfu wakaandamana wakisema msitubandike ukutani. Sijasikia hata siku moja kwamba polisi wameingia ofisi ya pamoja wakawapanga wenye kompyuta ukutani kuuliza nani kapitisha siku zake. Na Julai 2025, huko Loures, jirani kabisa na Lisbon, manispaa ilibomoa makumi ya vibanda vya Talude Militar. Wengi wa waliokuwa wakiishi humo wanatoka São Tomé, watu wa kazi za usafi na ujenzi. Yaani wanaofagia na wanaojenga hawakuwa na pa kulala, huku mji unatangaza meza.

Kwa hiyo mtu anaponiambia kwamba siku hizi kazi haina mipaka, namuuliza kazi ya nani. Mpishi wa Dhaka na programa wa San Francisco wote wameondoka kwao kwenda kutafuta maisha Lisbon. Mmoja anaitwa kipaji na kuandaliwa sherehe ya Ijumaa juu ya paa. Mwingine anaitwa mzigo. Wala kipimo si elimu: Lisbon nimekutana na mhasibu wa Kathmandu anayesukuma baiskeli ya chakula. Kipimo ni pasipoti na fedha zinakotoka.

Halafu kuna kichekesho cha historia. Neno meza lenyewe tulipewa na Wareno, pamoja na bendera na mvinyo. Walifika pwani yetu mwaka 1498, na mwaka 1593 wakaanza kujenga ngome Mombasa, bila taarifa ya benki wala tiketi ya kurudi. Leo naikodi meza kwao kwa euro 20, na kabla ya kuikalia nimeshaapa mara tatu kwamba sitakawia.

Kwa nini yanihusu mimi wa Dar? Kwa sababu dawa hii inaletwa na huku. Oktoba 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba Kenya nayo itatoa kibali kwa wafanyakazi wa mtandaoni kutoka nje. Sina kinyongo na Wakenya kutafuta fedha za kigeni. Ila kijana wa Nairobi anayepanga Kilimani, na mwenzake wa huku anayehangaikia chumba Sinza, wana haki ya kuuliza mapema maswali ambayo wa Lisbon waliyauliza nyumba zikiwa zimeshakwenda. Nani atapanga wapi? Kodi italipwa wapi na kwa kiwango gani? Na sisi tutakuwa kwenye meza ipi, ya kufanyia kazi au ya mapokezi?

Jioni ile nilitoka saa kumi na mbili, nikasimama mlangoni na begi langu mgongoni nikisubiri mvua ipungue. Mmoja wa wenye meza, kijana mpole tu, akashuka ngazi, akanitazama, akaniuliza kwa Kiingereza kama chakula chake ninacho mimi. Kabla sijajibu Mnepali akatokea nyuma yangu na mfuko, kalowa chapachapa. Mwenye chakula akaomba radhi huku uso umemwiva. Tulicheka tulipobaki wawili, Mnepali akicheka zaidi yangu. Kisha akaniuliza nami naendesha kwa kampuni gani.

Sasa kaka yangu wa chumba cha habari, uliyenionyesha tangazo. Euro 3,480 ni karibu shilingi milioni 10 kwa mwezi, na wanataka kuona zikiingia kila mwezi, sio mara moja. Nimejaribu kujumlisha mshahara wako, wangu na wa mhariri wa michezo, nikaongeza na posho zetu zote za semina. Bado hatujafika.