Mwali Hupewa Somo, Mtahiniwa Je?



Leo sina hina wala mishono ya kuwaonyesha. Leo nataka tuzungumze Fizikia. Najua wapo waliokwisha kunja uso, lakini nivumilieni kidogo, kwani jambo lenyewe limeanzia kwenye harusi.

Hivi karibuni kwetu tulikuwa na shughuli. Nyumba imejaa, uani masufuria yamepangwa, kila mtu na kazi yake. Binti wa dada yangu, aliyeko kidato cha nne na mtihani wake wa taifa ni Novemba, alikuwa amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Daftari lake la Fizikia lilikuwa dirishani, limefunguliwa na kuwekewa chupa ya maji juu ili upepo usilipeperushe. Akikuna kidogo anainua macho asome mstari mmoja, mara anaitwa: lete kifumbu, mshike mtoto, kimbia dukani. Tangu alasiri mpaka isha sikumwona akigeuza ukurasa.

Chumba cha pili alikuwamo bi harusi mwenyewe. Huyo hakuguswa na kazi. Kawekwa ndani, anasingwa, hatumwi. Jioni somo wake anaingia, mlango unafungwa, anafundishwa taratibu. Asipoelewa anarudiwa. Akiona haya anachekeshwa mpaka haya zinamtoka. Anaonyeshwa kwa mikono, kisha anaambiwa, "Haya, nionyeshe wewe sasa."

Nilisimama ukumbini katikati ya vyumba viwili, nikawaza. Nyumba moja, wasichana wawili, kila mmoja ana siku kubwa inayomngoja. Mmoja kapewa somo, mwenziwe kapewa mbuzi.

Rai yangu ni hii, dada zangu: sisi wanawake wa visiwani tunajua sana kumfunda mtu jambo gumu. Tuna utaratibu wetu wa tangu bibi zetu. Tunamtenga na kazi, tunamkalisha, tunamfundisha kwa vitendo, tunamuuliza, na hatumcheki akikosea. Basi utaratibu huo huo tumpe mtoto wa kike anayekwenda kwenye mtihani wa Fizikia. Akifeli tunasema hana kichwa, ilhali hatukumpa hata saa moja ya kukaa.

Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu yamenikuta. Nilipoingia kidato cha tatu niliiacha Fizikia. Mwalimu mmoja alituambia wasichana kwamba somo lile ni la wavulana, nami nikaona kheri. Nyumbani hakuna aliyeuliza kwa nini. Miaka michache baadaye nikatamani kusomea udaktari, nikakuta mlango umeshafungwa, maana njia ya udaktari hupita kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia. Niliufunga mwenyewe nikiwa mtoto, na watu wazima walikuwapo wakitazama.

Sasa tujiulize. Ukienda kujifungua, unataka nani akupokee? Ukipelekwa kupimwa altrasaundi, ungependa nani ashike kile kifaa? Sote tunasema tunataka mwanamke mwenzetu, kwa stara na kwa utulivu wa moyo. Vizuri. Lakini huyo mwanamke atatoka wapi? Kifaa kile kinafanya kazi kwa mawimbi ya sauti yanayoingia mwilini na kurudi kama mwangwi, na anayekisomea ni lazima aielewe Fizikia. Hatuwezi kudai daktari wa kike hospitalini huku tukimwondoa msichana kwenye kitabu nyumbani.

Wako watakaoniambia, "Mimi Fizikia siijui, nitakuwaje somo wake?" Nami nilidhani hivyo. Usiku ule nilimchukua yule binti barazani nikamwambia, "Nifundishe mimi. Chochote ulichosoma leo."

Akafikiri, kisha akacheka. "Mama mdogo, umeona bi harusi alipojaribu viatu vyake vya mchuchumio uani? Kisigino kilizama mchangani. Wewe umevaa makubadhi na ni mzito kuliko yeye, mbona hukuzama?"

Sikuwa na jibu. Akanieleza kanieneo. Tazameni neno lenyewe lilivyo: kani na eneo. Fomula imo ndani ya jina, kani igawanywe kwa eneo. Akachukua kalamu. Tuseme bi harusi ana masi ya kilo 60. Kila kilo moja dunia inaivuta kwa kani ya nyutoni 10 hivi, kwa hiyo uzito wake ni nyutoni 600. Akisimama na makubadhi mawili yenye eneo la mita za mraba 0.03 kwa jumla, kanieneo ni paskali 20,000. Akiutupa uzito wote juu ya kisigino kimoja chenye sentimita moja ya mraba, yaani mita za mraba 0.0001, kanieneo inakuwa paskali 6,000,000. Mwili ni ule ule, lakini mchanga unasukumwa mara 300 zaidi.

Hapo hapo nikajifunza na jingine linalowaponza watahiniwa wengi: masi si uzito. Masi ni kiasi cha maada ulichonacho na hupimwa kwa kilo. Uzito ni kani inayokuvuta chini na hupimwa kwa nyutoni. Tumezoea kusema "uzito wangu kilo 60", dukani hakuna neno, lakini kwenye mtihani unapoteza maksi.

Nikamuuliza kuhusu kazi, maana nilikuwa nimechoka nayo. Akaniambia nisikasirike. Ukiinua ndoo ya maji lita 20 kutoka chini mpaka kichwani, kimo cha mita 1.5, umeinua nyutoni 200 kwa mita 1.5, umefanya kazi ya jouli 300. Lakini ukitembea nayo njia iliyo sawa mpaka nyumbani, kani yako inayobeba ndoo haikufanya kazi hata jouli moja, kwa sababu inasukuma juu na wewe unakwenda mbele. Nikamwambia huyo aliyetunga hesabu hiyo hajawahi kuteka maji. Tulicheka mpaka dada akatoka kutuangalia. Lakini swali hilo hatalikosa tena, na mimi pia sitalisahau.

Kwa nyinyi mabibi harusi mnaongoja dhahabu, limo na lenu. Densiti ni masi ya kitu ukigawa kwa ujazo wake. Dhahabu tupu ina gramu 19.3 kwa kila sentimita moja ya ujazo, fedha 10.5, na shaba kama 8.9. Bangili ya dhahabu tupu isiyo na uwazi ndani, yenye gramu 38.6, inachukua nafasi ya sentimita 2 tu za ujazo. Ukiitundika kwenye mizani na kuizamisha majini, mizani inapungua gramu 2, sawa na maji iliyoyasukuma. Ikichanganywa na shaba, kwa masi ile ile ujazo unakuwa mkubwa na mizani inapungua zaidi. Hata dhahabu ya karati 22 ina mchanganyiko, maana ni sehemu 22 za dhahabu kati ya 24, ndiyo maana densiti yake iko chini kidogo ya ile tupu. Hii ndiyo kanuni ya Arkimedi inayowatia wanafunzi jasho.

Na tusidhani elimu hii ni ya watu wengine. Al-Khazini, mwanachuoni wa Merv, mwaka 1121 aliandika kitabu kizima juu ya mizani, na miongoni mwa aliyoyaeleza ni namna ya kutambua dhahabu safi na iliyochanganywa kwa kupima ndani ya maji. Kabla yake Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyeishi Kairo na kufariki karibu mwaka 1040, alieleza kwamba tunaona kwa sababu nuru inatoka kwenye vitu na kuingia machoni, wala macho hayatoi nuru. Kila mwanafunzi anayechora mistari ya nuru kwenye lenzi anapita njia aliyoisafisha yeye. Tumefundishwa kuwa kutafuta elimu ni wajibu wa kila Muislamu, na wajibu huo haukumruka mtoto wa kike.

Kuhusu mtihani wa vitendo, usiseme nyumbani hakuna maabara. Funga kufuli kwenye uzi, utundike kwenye boriti ya baraza, urefu wa mita moja kutoka panapofungwa mpaka katikati ya kufuli. Lisogeze kidogo pembeni uliachie. Hesabu mara 20 likienda na kurudi, mtu mwingine apime muda kwa simu. Utapata kama sekunde 40, yaani sekunde 2 kwa kila bembeo. Badilisha kufuli kwa jingine zito, urefu uwe ule ule: muda haubadiliki. Fupisha uzi: muda unapungua. Bibi yetu ndiye aliyekuwa akihesabu kwa tasbihi, na alifurahi kuliko sisi wote.

Liko la lugha. Mtihani ni wa Kiingereza, na watoto wengi wanakariri sentensi wasizozielewa. Ushauri wangu, mwache aelewe kwanza kwa Kiswahili, akueleze kwa maneno yake, kisha aandike istilahi ya Kiingereza daftarini na kuirudia. Aliyeelewa atalikumbuka neno. Aliyekariri, swali likigeuzwa kidogo tu, amepotea.

Kwa hiyo, somo wa mtahiniwa anafanya nini? Mpe saa mbili kila siku ambazo hatumwi, na nyumba nzima ijue. Kila usiku akufundishe jambo moja, nawe uulize "kwa nini?" mpaka jibu likuingie. Akifanya maswali ya miaka iliyopita, mwangalizie mambo matatu ambayo hata asiyesoma Fizikia anayaona: ameandika fomula, ameonyesha njia, ameweka kipimo mwishoni. Jibu la 300 bila jouli ni kama pilau bila chumvi. Na akikosea, usimtolee mfano wa mtoto wa jirani.

Sisemi mtoto wa kike asisaidie nyumbani. Kuna nazi nitakuna mimi na kuna nazi atakuna yeye, na adabu ya nyumba ni jambo jema. Ila harusi ikikosa mkono mmoja jikoni haiharibiki. Mtihani una tarehe yake, na hausogezwi kwa sababu kwetu kulikuwa na shughuli.

Nanyi mnaoolewa karibuni, hayo mafunzo mnayopewa sasa msiyaishie chumbani. Kumbukeni mlivyofundishwa: kwa upole, kwa subira, mlango umefungwa na kazi zimewekwa kando. In shaa Allah mtajaaliwa mabinti, na siku moja mmoja wao atakaa mbele yako na daftari la Fizikia. Mkalishe vivyo hivyo.

Yule wetu bado anasoma. Kila usiku tuko barazani, na juzi kanieleza kwa nini maji ya mtungi ni baridi: yanayopenya nje ya udongo hukauka na kuondoka na joto. Miaka yote nimekunywa maji yale sikuwahi kuuliza.

Mwombeeni dua, na waombeeni mabinti zetu wote wanaoingia kwenye mitihani. Kisha inukeni mkawatue mbuzi.

Wabillahi tawfiq.