Muuza Duka si Gunia la Sukari

Ipo kauli moja ya wenye maduka inayonikera kuliko zote: "Akitaka kuondoka na aondoke, vijana wamejaa mtaani." Husemwa Kibiti, husemwa hapa kwetu Mtawanya, na wakubwa wa maduka ya Dar es Salaam nao huisema, ila kwa maneno laini zaidi. Mimi nasema kauli hiyo ni ya uvivu, na maduka mengi yamekufa kwayo.

Kweli vijana wamejaa mtaani. Lakini muuzaji aliyesimama nyuma ya kaunta miaka minane ndiye ajuaye nani hulipa deni lake baada ya mnada wa korosho, na nani hulipa kwa maneno matupu. Anajua saruji hutafutwa msimu gani, na bati lipi fundi hulikataa. Elimu hiyo haimo katika mashine ya risiti. Akiondoka huondoka nayo, akaipeleka kwa jirani yako.

Na aghalabu huondoka wakati wa mabadiliko: duka linauzwa, mwenye mali amefariki na watoto wamerithi, au ameletwa msimamizi mpya. Wakubwa hunyamaza, ati wasiwatie watu hofu. La hasha! Siri ya duka haikai; dereva wa lori la mizigo ataileta kabla ya mwenyewe kuitamka. Hapo yule hodari ndiye atangulia kuaga, kwa maana ndiye anayetakiwa kwingine.

Taifa letu lilikwisha kulipa ada ya somo hili. Operesheni Maduka ya 1976 ilifunga maduka ya watu binafsi ili nafasi yao ichukuliwe na maduka ya ushirika. Nia ilikuwa kumwondolea mwananchi ulanguzi. Lakini waliojua kuagiza na kutunza mali waliwekwa kando kwa amri, na funguo zikapewa watu wasiofundwa kazi. Bidhaa zikaadimika, na serikali yenyewe ikabidi ilegeze kamba.

Karibu miaka arobaini baadaye zikaja zamu za maduka makubwa. Mwaka 2014 Shoprite iliwauzia Nakumatt maduka yake ya Tanzania. Mwaka 2015 Uchumi ikafunga yake. Nakumatt nayo ikaanguka, na huko Kenya maduka yake ya mwisho yakachukuliwa na Naivas mwaka 2020. Katika hali kama hiyo keshia ana swali moja: kesho nitamfungulia nani mlango? Ni swali halali, na asiyelijibu hastahili kuitwa kiongozi.

Wapo watakaonijibu: "Mwalimu, tukiwaambia mapema wataiba." Nawauliza, ni nani mwepesi wa kuiba: aliyeambiwa siku yake na haki yake, au asiyejua kama mwisho wa mwezi atalipwa? Tena sheria yenyewe haikubaliani nanyi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane nao. Kiinua mgongo ilichoweka ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Maana yake, aliyelitumikia duka miaka 20 huhakikishiwa siku 70 tu. Hicho ni kiwango cha chini, wala si kipimo cha shukrani.

Basi mwenye duka, kabla ya kupaka rangi mpya lipa malimbikizo ya mishahara. Waite watu wako, waeleze lililoamuliwa, na lisiloamuliwa useme bado. Msimamizi mpya akae kwanza mwezi mzima kaunta akifundishwa na walio chini yake. Waombe wakongwe wabaki, kwa kinywa chako mwenyewe, tena uwatajie mshahara.

Ukiona haya kuyafanya hayo, usije kulalamika wateja wako wanapoonekana kwenye duka la ng'ambo ya barabara. Wamemfuata aliyekuwa akiwajua kwa majina.