Malisho ya Kiangazi Yawekwe Wakati wa Mvua

Kila mwaka ifikapo Januari, mfugaji mdogo wa Kampala hurudia safari ile ile. Huamka alfajiri, hufunga gunia na panga kwenye baiskeli, hushuka mabondeni kutafuta majani, na hurudi na mzigo usiomshibisha hata ng'ombe mmoja. Maziwa hupungua na ada ya shule hukosekana. Lakini majuma machache tu kabla ya hapo, mvua za Septemba hadi Novemba ziliyakuza mabingobingo, ambayo Waganda huyaita ebisagazi, hata yakampita mtu kimo, yakakomaa na kuwa magumu kama kuni.

Hasara hiyo hatuikubali kuwa majaliwa. Mwaka 1877 mkulima wa Ufaransa, Auguste Goffart, alichapisha kitabu akieleza jinsi alivyohifadhi mahindi mabichi kwa ajili ya ng'ombe wake. Mwaka 1945 Virtanen wa Finland alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa utafiti uliohusu pamoja na mengine uhifadhi wa malisho. Malisho hayo ya kuvundikwa ndiyo yaitwayo sileji.

Kazi yenyewe haina miujiza. Majani hukatwa yakiwa bado laini, hukatwakatwa, hushindiliwa shimoni mpaka hewa itoke, kisha hufunikwa kwa plastiki na udongo. Vijidudu visivyohitaji hewa hugeuza sukari ya majani kuwa asidi, nayo asidi huzuia uozo. Kwa kuwa mabingobingo yana sukari kidogo, yafaa yanyunyiziwe molasi. Mzee wa Buganda aliyepata kufukia ndizi za pombe ardhini ataona kwamba nusu ya kazi hii anaijua.

Ng'ombe wa maziwa mwenye uzito wa kilo 400 huhitaji kama kilo 40 za majani mabichi kwa siku. Kwa siku 90 za kiangazi ni kilo 3,600, na shimo la meta 4 kwa 2, lenye kina cha meta 1, laweza kuzibeba likishindiliwa vizuri.

Tutaambiwa kwamba mfugaji wa Kawempe au Rubaga hana pa kuchimba shimo. Ni kweli. Lakini sileji hutengenezwa hata katika mfuko mzito wa plastiki, na malighafi imejaa mjini. Maganda ya matoke yanayorundikwa katika soko la Kalerwe huuzwa kwa magunia kwa wafugaji, na yasiyonunuliwa huoza na kuziba mifereji. Yakinyaushwa, yakachanganywa na pumba na kushindiliwa, nayo huhifadhika.

Twaiomba Mamlaka ya Jiji itenge katika kila soko kubwa mahali safi pa kukusanyia maganda hayo, mbali na takataka nyingine, na maofisa wa mifugo wawaonyeshe wafugaji kazi hiyo kwa mikono yao wenyewe kabla mvua za Machi hazijaanza.